Acheni kukomba akaunti za wadaiwa kimyakimya! Na wadaiwa, acheni kuficha pesa kwa shemeji

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaomba radhi.

Kila mwisho wa mwezi hapa Dodoma ni yale yale. Mtumishi wa Mtumba anaamka, mshahara umeingia usiku, na usiku huo huo salio limerudi sifuri. Mwenye kibanda Sabasaba kaweka mauzo ya wiki kwa wakala ili Jumatatu afuate mzigo Kibaigwa. Jumatatu hakuna kitu. Mkulima wa zabibu Hombolo kalipwa pesa ya msimu kwenye akaunti ile ile aliyokopea, ikaishia humo humo. Wakienda tawini wanajibiwa neno moja: "Ulisaini."

Ndiyo, walisaini. Benki ina haki ya kujilipa kutoka kwenye salio la mteja anayedaiwa, na karibu kila mkataba wa mkopo una kifungu hicho. Lakini haki hiyo ina mipaka, na mipaka ndiyo haisemwi pale dirishani. Deni lazima liwe limeiva. Umechelewa marejesho mawili ya 180,000? Kilichoiva ni 360,000 na adhabu iliyoandikwa kwenye mkataba. Milioni 4 zilizobaki haziguswi mpaka benki ikuandikie kwamba sasa inadai mkopo wote kwa mkupuo. Tena mwenye akaunti na mwenye deni lazima wawe mtu yule yule, kwa nafasi ile ile. Akaunti ya pamoja na mkeo, akaunti ya kikundi, akaunti ya mirathi ambayo wewe ni msimamizi tu, hizo hazifidii deni lako binafsi, isipokuwa wenzako nao walisaini kukubali. Mikataba mingine ina ukurasa wa ridhaa ya mwenza ambao mke au mume husaini akidhani ni wa nyumba tu. Usomeni.

Kinachonitia uchungu zaidi ni ile theluthi. Mtumishi wa umma anatakiwa abaki na angalau theluthi moja ya mshahara wake wa msingi baada ya makato. Mwenye 900,000 abaki na 300,000. Mwajiri anaheshimu, mfumo wa mikopo ya watumishi unaheshimu, halafu hiyo 300,000 inaingia benki na benki inaifagia kwa ajili ya deni jingine, la kadi au la mkopo wa dharura wa kwenye simu. Hoja yao ni kwamba kanuni inamfunga mwajiri anapokata, na pesa ikishafika kwenye akaunti si mshahara tena, ni salio. Basi mtu akale nini? Kama sheria imeona theluthi ndiyo chakula cha familia, kwa nini kinga iishie mlangoni mwa benki?

Kwa aliyeelemewa sasa hivi: usisubiri mwezi wa tatu. Mkopo ukishaitwa chechefu, yaani umeshindikana kulipwa kwa wakati, taarifa iko kwenye kanzidata ya wakopaji na kila benki itaiona. Nenda kabla hujakosa rejesho la pili, na barua, usiende na maneno. Andika kipato chako cha sasa, matumizi ya lazima, na kiasi unachoweza kulipa kwa mwezi, uambatanishe slipu za mshahara au taarifa ya akaunti ya miezi 6. Omba mkopo upangwe upya, na omba kwa maandishi kwamba wakati ombi linashughulikiwa wasichukue zaidi ya rejesho la mwezi. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Bila muhuri, barua yako haikuwahi kufika.

Mfanyabiashara ambaye hakujifunga kupitisha mauzo kwenye benki iliyomkopesha anaweza kufungua akaunti benki nyingine kwa jina lake halisi na namba yake ya NIDA, mapato mapya yaingie huko, na marejesho yatoke huko kwa amri ya kudumu, yaani agizo kwa benki ilipe yenyewe kila mwezi. Hiyo ni halali kwa sababu haimfichi mtu. Mtumishi aliyekopa kwa mshahara asijaribu: mwajiri alishaandika barua kwamba mshahara hautahamishwa mpaka benki itoe barua ya kutodaiwa.

Kausha damu, wakopeshaji wa mtaani wa riba za kunyonya, wana uzi wao wa laana, lakini niseme la kadi. Mtu anaacha kadi ya benki na namba ya siri kwa mkopeshaji, mkopeshaji anasimama kwenye mashine kabla ya mwenye mshahara. Nenda tawini na kitambulisho chako, zuia kadi, chukua mpya, badilisha namba ya siri, na hakikisha namba ya simu inayopokea meseji za akaunti ni yako. Masharti ya kadi yenyewe yanakataza namba ya siri kujulikana na mtu mwingine, kwa hiyo usiogope kuonekana mwizi. Deni linabaki pale pale. Lilipe kwa njia inayoacha risiti. Halafu uliza leseni. Mkopeshaji wa daraja la pili, yaani anayekopesha bila kupokea amana za watu, ana ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi, yaani 17,500 kwa kila 500,000. Anayekudai 150,000 kwa mwezi kwa mkopo huo huo anakukamua. Na wale wa programu za simu, Benki Kuu ilitaja 69 zisizo na kibali Novemba 2024.

Sasa kufilisika kwenyewe. Mtaani "nimefilisika" maana yake mfuko umekauka. Kisheria ni hali inayotangazwa na Mahakama Kuu kwa Sheria ya Kufilisika, Sura ya 25, na upande wa ufilisi unasimamiwa na RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Inamhusu mtu binafsi. Kampuni ina njia yake kwenye Sheria ya Kampuni. Watu wanaitaja kama kichaka cha kujificha na hawajui kinachoendelea humo ndani.

Unaorodhesha kila kitu. Akaunti zote za benki, laini zote za simu zenye pesa, amana ya muda maalumu, vipande vya UTT (mifuko ya uwekezaji wa pamoja), hisa na akiba za SACCOS (ushirika wa akiba na mikopo), mgao wa kikoba. Vifaa vya kazi, nguo na matandiko vina kinga kwa thamani yenye kikomo. Pesa unayoshikilia kwa niaba ya mwingine si yako, ila uthibitishe. Mengine yote yanakwenda kwa mfilisi, msimamizi wa mali za aliyefilisika, ili yagawanywe kwa wadai, na unachopata baadaye, kabla mahakama haijakuachilia, nacho kinaweza kudaiwa. Benki ikijua mwenye akaunti ni muflisi (aliyetangazwa kufilisika) inasimamisha malipo na kumtaarifu mfilisi. Kwa hiyo mtu asiyeongea na mfilisi mapema anakuta hata pesa ya unga imekwama. Omba kwa maandishi: akaunti ipi itumike kwa matumizi ya nyumbani, kiasi gani kwa mwezi, na nani anaidhinisha. Na usikope tena bila kumwambia mkopeshaji hali yako, wala usishike ukurugenzi wa kampuni bila ruhusa ya mahakama. Yote mawili ni makosa ya jinai.

Tena amri ya mahakama inawazuia wadai wa kawaida kukushtaki mmoja mmoja. Haimzuii mwenye rehani. Benki yenye hati ya nyumba yako ya Nkuhungu inaendelea na notisi yake ya siku 60 na tangazo la mnada la siku 14 kama kawaida. Msidanganyane.

Wadaiwa nao wananikera hapa. Mtu anaona mambo yanaharibika, anatoa milioni 6 anamtumia shemeji. Anahamisha kiwanja kwa jina la mtoto. Anamlipa rafiki yake wote, wengine sifuri. Mfilisi anasoma taarifa za akaunti mstari kwa mstari, na sheria inamruhusu kurudi nyuma na kuvunja zawadi na malipo ya upendeleo. Shemeji atarudisha, na wewe utaulizwa hadharani ulikuwa na nia gani. Pesa ya ada ya shule ilipe shuleni, chukua risiti. Ya kodi ya nyumba, vivyo hivyo. Uhamisho wenye sababu na karatasi unajitetea wenyewe.

Wahazini wa vikoba, nisikilizeni kwa makini. Pesa ya kikundi ikikaa kwenye laini yako binafsi, siku wewe ukikwama na mkopo wa simu, makato yanafanyika pale pale inapoingia, na mfumo hauulizi ni ya nani. Akina mama 25 wanabaki wanakulaani, na wana haki. Fungueni akaunti ya kikundi yenye watia saini watatu. Ni siku moja ya foleni.

Nyongeza, maana nimeulizwa mara tatu hapo chini kuhusu SACCOS. Hisa hazitolewi, zinahamishwa kwa mwanachama mwingine. Akiba ni dhamana ya mkopo wako na ya uliyemdhamini, hutoki nayo mpaka ujitoe na madeni yafungwe. Amana ndiyo unaweza kuichukua. Kwa hiyo aliyekwama aangalie kwanza amemdhamini nani.

Aliyekombwa tayari: barua kwa meneja wa tawi. Dai vitu vitatu: nakala ya kifungu walichotumia, tarehe ya barua ya kudai deni, na hesabu ya kiasi walichochukua. Wakikaa kimya au wakijibu "ulisaini", peleka jalada zima kwenye dawati la malalamiko la Benki Kuu, ambao wapo hapa hapa Tambukareli. Hawatakupokea kama hujaanza na benki yako, ndiyo maana nimepiga kelele kuhusu muhuri.

Na aliyeuliza kama mfilisi anaigusa akaunti ya mtoto: kama ulikuwa unaweka 20,000 kila mwezi tangu azaliwe, peleka taarifa nzima ya akaunti, utetezi unao. Kama umeweka milioni 3 juzi baada ya barua ya benki, usiifiche, iorodheshe pamoja na mali zako nyingine.