Injini ya katikati, nguvu farasi 600: V8 isiyo na tabo, injini ndogo yenye tabo mbili, au haibridi?

Mchora_Njiro

Wakuu, habari za jioni. Mimi na vijana wenzangu wa hapa Njiro, Arusha, tunachora kwenye kompyuta gari la michezo la viti viwili, injini ikiwa nyuma ya dereva na mbele ya ekseli ya nyuma, na lengo letu ni nguvu farasi 600. Hatuna fedha ya kulijenga na hatudanganyani kuhusu hilo. Tunachotaka ni mchoro ambao mhandisi akiukagua asicheke. Mahali pa injini tumeshakubaliana, ila kuhusu chanzo cha nguvu bado tunabishana.

Njia zilizobaki ni tatu. Ya kwanza ni V8 (silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V) ya lita 5.5 isiyo na tabo (feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili isukume hewa zaidi kwenye injini), inayozunguka zaidi ya mizunguko 8,000 kwa dakika, kama ilivyo kwenye Chevrolet Corvette Z06 yenye nguvu farasi 670. Ya pili ni injini ndogo yenye tabo mbili, njia ambayo Ferrari waliifuata mwaka 1987 kwenye F40 wakapata nguvu farasi 478 kutoka lita 2.9 tu, na ambayo kwa teknolojia ya leo ingefika 600 bila taabu. Ya tatu ni haibridi kama Porsche 918 Spyder, ambamo V8 ya lita 4.6 inasaidiwa na mota za umeme hadi jumla ya 887. Naomba tusizilinganishe kwa kasi ya mwisho, kwa kuwa kati ya hapa na Moshi hakuna mahali pa kuitumia, labda mtu awe na hamu ya kujuana na askari wenye tochi. Ninachouliza ni kila njia inampa mhandisi kazi gani, na ipi ina unafuu.

Fundi_Ngarenaro

Kijana wangu, anza na joto. Injini ya petroli, kwa kadirio la vitabuni, hugeuza takriban theluthi moja ya nishati ya mafuta kuwa kazi. Theluthi nyingine huishia kwenye maji na oili, na iliyobaki hutoka na moshi. Nguvu farasi 600 ni kilowati 447. Kwa hiyo dereva anapokanyaga mafuta hadi mwisho, maji yako yanatakiwa kubeba joto linalokaribia kiasi hicho hicho, na ekzosi inapitisha jingine kama hilo, yote hayo ndani ya chumba kilichofungwa, karibu kabisa na mgongo wa dereva. Gari la injini ya mbele hupata upepo wake moja kwa moja kupitia grili, lakini hapa upepo itabidi uutafute kwa matundu ya ubavuni na uupangie pa kutokea, juu au nyuma, la sivyo utaingia na kukwama humo humo.

Wenye Noah za zamani wanalijua jambo hili bila kulisoma popote, kwa sababu injini yake iko chini ya viti vya mbele, na ukimaliza kupanda mlima na abiria wamejaa, kiti kinakupa taarifa. Hiyo ni injini ya Toyota iitwayo 3S, ya kawaida, yenye nguvu farasi mia na ushee. McLaren walipotengeneza F1 miaka ya 1990 walifunika kuta za chumba cha injini kwa karatasi ya dhahabu ili irudishe mionzi ya joto, na ile V12 ya BMW ya lita 6.1 haikuwa hata na tabo. Bugatti Veyron ya mwaka 2005, yenye tabo 4 na nguvu farasi 1,001, ilihitaji rejeta 10.

Halafu kuna maji yenyewe. Rejeta ikiwa mbele, mabomba marefu yatapita chini ya gari kwenda na kurudi, na hewa hujificha kwenye kila mwinuko wa mabomba hayo. Toyota MR2 ya toleo la pili, ile SW20, ina skrubu za kutolea hewa kwenye rejeta na kwenye hita. Unavalisha mpira mwembamba unaoonyesha ndani kwenye kila skrubu, unauning'iniza juu ya usawa wa mdomo wa kujazia, kisha unamimina maji polepole huku ukitazama mapovu yanavyopanda ndani ya mpira, na huachi mpaka maji yatulie bila povu hata moja. Fundi mwenye haraka akiruka hatua hiyo, geji inaweza kuonyesha hali ya kawaida kwa sababu sensa imezungukwa na hewa badala ya maji, na wakati huo hedi (kichwa cha injini) inapinda.

Chagueni njia mnayoitaka, lakini choreni mabomba ya maji kabla hamjachora taa.

BintiRau

Shikamoo Fundi. Nakubaliana nawe kuhusu joto, ila tusisahau mahali tulipo. Arusha iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa huko ni pungufu kwa karibu asilimia 15 ikilinganishwa na pwani. Injini isiyo na tabo huvuta hewa hiyo hiyo pungufu, kwa hiyo nguvu farasi 600 za kwenye karatasi zitabaki kama 510 ukifika Mnara wa Saa. Huku kwetu Moshi, ambako ni chini zaidi, hasara ni kama asilimia 10. Maji nayo, mfuniko wa rejeta usipobana sawasawa, yatachemka Arusha kwenye nyuzi 95 hivi.

Tabo inaweza kuziba pengo hilo kwa kuongeza mzunguko, na hiyo ndiyo sababu mimi naelekea kwenye njia ya pili. Hata hivyo haizibi bure. Inapobana hewa nyepesi hadi kufikia shinikizo lile lile la pwani, inafanya kazi kubwa zaidi, hewa inatoka ikiwa na joto zaidi, na intakula (kipozeo cha hewa inayotoka kwenye tabo) inabidi iongezwe ukubwa; na intakula hiyo, sawa na rejeta, inapozwa na hewa ile ile nyepesi iliyosababisha tatizo.

Mfano unaoonekana kwa macho uko ndani ya familia ya gari alilolitaja Mchora. Corvette Z06 na Corvette ZR1 zinatumia msingi mmoja wa V8 ya lita 5.5. ZR1 imeongezewa tabo mbili ikafika nguvu farasi 1,064, na ili hewa ya tabo ipozwe, sehemu ya mizigo ya mbele imeondolewa, pamewekwa kipozeo, na boneti ikatobolewa ili upepo unaoingia kwenye bampa utokee juu. Ninyi mnataka 600 tu, kwa hiyo shinikizo la wastani lingetosha na nafasi mngebaki nayo.

Kijana_UsaRiver

Wakuu, naona haibridi mnaipita kama vile haipo. Mota ya mbele ya 918 inaendesha magurudumu ya mbele bila propela shafti kupita katikati ya gari, na nguvu ya umeme hupatikana papo hapo, kwa hiyo dereva hasubiri tabo ijae. Porsche walielekeza ekzosi itokee juu kabisa ya injini ili joto liondoke kwa njia fupi na lisifike kwenye betri. Mwaka 2013 gari hilo lilizunguka njia ya mbio ya Nürburgring, Ujerumani, kwa dakika 6 na sekunde 57, na kimo cha Arusha hakipunguzi nguvu ya mota hata kidogo.

Mzee_Kibosho

Hoja ya kimo umeipata, mjukuu wangu, lakini pima na uzito. 918 ina takriban kilo 1,670, wakati McLaren F1 ilikuwa na takriban 1,140. Tena betri haipendi kuvuka nyuzi 40 na ushee, ilhali maji ya injini hufanya kazi kwenye 90 na zaidi, kwa hiyo utahitaji mifumo miwili ya kupoza isiyochangia maji, kwenye gari ambalo Fundi ameshatuonyesha kwamba mfumo mmoja tu unalishinda. Kwa kikundi kinachochora gari la kwanza, mimi ningeiondoa njia ya tatu leo hii.

Ninashangaa hakuna aliyegusa tabia ya gari kwenye kona, na ndiyo sababu yenyewe ya kuiweka injini katikati. Mtu aliyekumbatia madumu mawili ya maji kifuani hugeuka upesi kuliko aliyeyabeba kwa mzega. Lakini akishaanza kuzungushwa, huzungushwa upesi vilevile. Gari lenye uzito mwingi katikati huitika usukani mara moja, na dereva akiachia mafuta ghafla katikati ya kona, uzito unahamia mbele, matairi ya nyuma yanapungukiwa mgandamizo, na mkia unatoka kabla hajawahi kuurekebisha. SW20 za mwanzo zilijulikana kwa hilo, hata Toyota wakabadilisha saspensheni na matairi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ndiyo maana matairi ya nyuma ya magari haya huwa mapana kuliko ya mbele.

Mahali pa tangi la mafuta pia pana athari. Lamborghini Miura ya mwaka 1966 ilikuwa na tangi mbele. Kadiri mafuta yalivyopungua ndivyo pua ilivyozidi kuwa nyepesi, na kwenye kasi kubwa hewa iliinyanyua. Liwekeni kati ya viti na injini, karibu na kitovu cha uzito, ili tangi likijaa au likiwa tupu mgawanyo usibadilike sana.

Sasa rudi kwenye ulinganisho. V8 isiyo na tabo hutoa nguvu kwa kadiri mguu unavyokanyaga. Tabo, hasa zile za wakati wa F40, huchelewa kisha huja kwa pamoja, na ikitokea hivyo mkiwa bado kwenye kona, mtageuka kutazama mlikotoka. BintiRau atasema tabo za kisasa ni bora, na ni kweli, lakini ubora huo unatokana na programu na majaribio mengi ambayo kikundi cha Njiro hakina.

BintiRau

Nimekusikia, Mzee. Kwenye programu na majaribio sina la kubisha.

Msokoto_Moshi

Niongeze la giaboksi kwa kifupi, kwa sababu linaamua mengi. Giaboksi huvunjwa na nguvu ya msokoto, wala si idadi ya farasi. Nguvu farasi 600 kwenye mizunguko 8,500 ni msokoto wa takriban niutoni-mita 500. Farasi hao hao kwenye mizunguko 6,000, ambako injini ya tabo ingewatoa, ni zaidi ya 700. Gia, difu na draivu shafti zote zitanenepa kwa kiwango hicho, na unene huo wote unakaa nyuma kabisa, mahali ambapo Mzee hataki uzito.

Injini ilazwe kwa urefu, isikingamizwe. Ikikingama utapata gari fupi, lakini safu moja ya silinda na ekzosi yake vitabanwa kwenye ukuta wa chumba cha abiria. Miura iliikingamiza V12 na kuifanya ichangie oili na giaboksi, na oili hizo zilikuja kutenganishwa kwenye Miura za toleo la SV za mwishoni.

Pia sampu (bakuli la oili chini ya injini) iwe kavu, oili ikae kwenye tangi lake na kunyonywa na pampu. Kwenye kona kali oili ya sampu ya kawaida hukimbilia upande mmoja, pampu inavuta hewa, na beringi zinakwisha. Faida ya pili ni kwamba injini inashuka chini. Porsche Carrera GT ilitumia klachi ya kauri yenye kipenyo cha milimita 169 ili V10 yake ilale chini zaidi, ingawa klachi hiyo ilikuwa ngumu kuizoea wakati wa kuondoka.

Mchora_Njiro

Asanteni sana. Tumekaa jioni hii na kuchukua njia ya kwanza: V8 isiyo na tabo, imelazwa kwa urefu, sampu kavu, tangi nyuma ya viti. Hoja ya BintiRau hatujaitupa; kwenye mchoro tutaandika nguvu mbili, 600 ya usawa wa bahari na 510 ya Arusha. Swali lililobaki ni fremu. McLaren F1 ni ya nyuzi za kaboni, Honda NSX ya mwaka 1990 ni alumini, na F40 ni mabomba ya chuma yenye bodi ya nyuzi juu yake.

Fundi_Ngarenaro

Mabomba ya chuma, bila kusita. Kaboni inahitaji tanuri la shinikizo na alumini inahitaji mchomeleaji wa kiwango cha juu, wakati bomba la chuma likipasuka utalichomelea hapa hapa mjini na kulipima upya. Imarisheni sehemu za milango, kwani hapo ndipo fremu ya mabomba hujipinda.

Sehemu ya nyuma iwe fremu yake yenyewe iliyofungwa kwa bolti, ili injini, giaboksi na saspensheni vishuke pamoja vikiwa kizima. Ferrari F355 hulazimu injini itolewe kwa ajili ya kubadilisha mkanda wa taimingi, kwa hiyo nanyi tumieni cheni. Acheni kifuniko cha ukaguzi nyuma ya viti, kipana kiasi cha kuingiza mkono ulioshika spana, na feni za chumba cha injini ziendelee kufanya kazi hata swichi ikizimwa, kwa sababu gari likisimama baada ya mwendo mkali upepo unakatika lakini chuma bado kina moto.