Naomba ushauri: SSD kwenye kompyuta ya Windows 7 bila kuhamia toleo jipya

Wakuu, salaam. Kompyuta ni Core 2 Duo, RAM GB 4, Windows 7 ya biti 64. Inaendesha mashine ya kukata stika ambayo draiva yake haikuendelea zaidi ya hapo. Windows 11 inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama), na Windows 10 nayo ilifikia mwisho Oktoba 14, 2025. Windows 7 ni nyepesi na imetulia, siioni sababu ya kuiacha.

Nataka kuweka SSD (diski ya kasi isiyo na sehemu zinazozunguka) ya SATA. BIOS (programu inayoamsha kompyuta) iko kwenye IDE, njia ya zamani ya kuwasiliana na diski, na ukigeuza kwenda AHCI, njia mpya zaidi, hivihivi unapata skrini ya bluu 0x0000007B, kwa kuwa msahci, draiva ya AHCI ndani ya Windows, haiamki mapema. Kwanza unaingia regedit (kihariri cha rejista ya Windows), HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\services\msahci, unaweka Start iwe 0, unazima, ndipo unagusa BIOS. Hapo sina shaka.

Ninapokwama ni hapa: nikloni (ninakili diski nzima ilivyo) au nipige Windows upya? Diski ya sasa iligawanywa enzi za XP, partisheni inaanzia sekta ya 63, na SSD inataka ianzie MB 1. Kuna programu ya kukloni inayorekebisha hilo yenyewe? Nikipiga upya, lazima nitangulize masasisho ya KB4490628 na KB4474419, la sivyo masasisho mengine yenye saini ya kidijitali ya SHA-2 yanakataa.

Pia, viraka vya usalama vya kawaida viliisha Januari 14, 2020. Nafikiria kuchomoa kabisa waya wa mtandao na kuzima autorun (fleshi kujiendesha yenyewe ikichomekwa). Zaidi ya fleshi, mnahamishaje mafaili kwa usalama?