Fundi kanijazia mifuko ya saruji kwenye madirisha badala ya fomu (ile povu ya kopo inayovimba na kuziba), na Makambako hii ya upepo!

Kamwene wakuu. Naandika hapa nimevaa koti na soksi mbili mbili, niko ndani ya nyumba yangu mwenyewe niliyohangaika nayo miaka minne ili nisije kuvaa koti ndani.

Asiyeijua Makambako, mwezi wa sita mpaka wa nane upepo wa huku haupigi hodi. Nimekulia kwenye nyumba ambayo kati ya ukuta na bati unaona nje, usiku mama anaingiza jiko la mkaa tunaamka vichwa vinagonga, nikasema yangu nitaziba kila upenyo. Sikutaka makubwa ya Wajerumani, wenzetu nyumba yao ya kwanza ya kuzibwa hivyo isivujishe hewa pale Darmstadt watu walihamia 1991 na kiwango chao sasa wanafunga feni mlangoni kupima inavyovuja, kwa presha ya paskali 50 hewa inayovuja kwa saa isizidi mara 0.6 ya ujazo wa nyumba. Hiyo feni naitoa wapi mimi? Nilitaka tu fremu zizibwe, kona za silingibodi zizibwe, halafu niwe na matundu mawili makubwa yenye mifuniko, moja chini sebuleni moja juu koridoni, nafungua mwenyewe nikitaka hewa. Jiko la mkaa marufuku ndani, tunapikia nje.

Madirisha ya slaidi nilikataa, zile zinapita kwenye manyoya upepo unapita nao. Fundi akaleta za kufunguka zenye raba pande zote, hapo sina neno. Ya kuziba kati ya fremu na ukuta nikamtumia hela ya makopo 12 ya fomu kwa 18,000, yaani 216,000, akaniambia bosi limejaa mpaka limemwagika.

Juzi saa tatu usiku nikawasha kijiti cha udi nikazunguka nacho. Sebuleni moshi umesimama wima kama uzi, kufika chumba cha watoto kona ya chini ya dirisha ukalala wote kuja ndani. Nikachokonoa plasta na bisibisi, ikamomonyoka, ikaanza kutoka karatasi ya mfuko wa saruji, navuta inakuja tu kama utumbo wa kuku, nyuma yake gazeti. Fomu ipo, unene wa kidole hivi, kwa juu, ya kunionyesha mimi njano!!

Na si hilo tu, kila chumba katoboa tundu juu ya dirisha kaweka wavu wa mbu bila kuniuliza. Namuuliza ananijibu nyumba lazima ipumue mzee, utakufa na familia. Sawa, ukiwasha mkaa kwenye nyumba iliyozibwa utakufa kweli, hapo simbishii, ila ndio maana nikamwambia toka siku ya msingi kwamba mkaa hauingii. Fundi maiko mkubwa huyu. Leo asubuhi kanitumia meseji eti ile laki mbili iliyobaki vipi.

Madirisha ni 9, matatu nimeshachokonoa yote yako hivyo hivyo. Aliyewahi kutoa huo uchafu bila kung'oa fremu alitumia nini? Grainda naogopa itakula aluminiamu, na bisibisi inabomoa plasta yote mpaka kwenye linta.