Askari wa zimamoto mzima anachokaje mkono mbele ya zombi wa joho la kuogea?

Shoka la Babu (mtoa mada)

Wanajamvi, salaam.

Ninaandika nikiwa na hasira, na sitaki kupoa kabla sijamaliza, kwa sababu nikipoa nitaanza kuwatafutia udhuru watu wasiostahili udhuru wowote. Ninyi nyote mnawajua. Ni wale wale waliotuuzia mchezo wa kompyuta wa zombi, Project Zomboid, ukiwa haujakamilika, mwaka 2013, tukaupenda hivyo hivyo, tukaoa, tukazaa, watoto wakaanza shule, na mchezo haujakamilika hadi leo. Sasa wametuletea toleo jipya lenye mifugo na vyumba vya chini ya ardhi, na katikati ya neema hizo wamepenyeza tusi moja wanaloliita mkazo wa misuli, yaani mikono ya mhusika huchoka na kuuma kadiri anavyozungusha silaha.

Hiki ndicho kilichonipata hivi punde. Mhusika wangu ni askari wa zimamoto, kazi niliyoichagua kwa sababu inampa mtu nguvu, pumzi na ustadi wa shoka tangu siku ya kwanza. Ni Julai 1993, jimbo la Kentucky, jua linawaka, nami nipo nje ya kituo cha zimamoto cha mji wa Rosewood, yaani kazini kwake mwenyewe, nikiwa na shoka la kazini kwake. Wakatokea zombi wachache, tena si wale wa jiji la Louisville wanaoziba barabara nzima, bali watu wa kawaida waliokuwa wakizurura. Wa kwanza akalala. Wa pili akalala. Nilipomwinulia shoka wa mwisho, mama mtu mzima aliyevaa joho la kuogea la rangi ya waridi na ndara miguuni, shujaa wangu akalishusha shoka taratibu na kwa adabu, akaguna, na nilipofungua ukurasa wa afya nikakuta mikono yote miwili imeandikwa kuwa ina mkazo. Mama wa joho hakuwa na haraka. Alisogea, akanishika bega, akaning'ata shingoni.

Kwa wageni wa mchezo huu: mkwaruzo wa zombi una asilimia 7 ya kukuambukiza, kuchanwa ni asilimia 25, na kung'atwa ni asilimia 100. Hakuna dawa, hakuna sindano, hakuna mganga. Mtu niliyemlea, nikamsomesha useremala kwa kumkalisha mbele ya televisheni kila asubuhi, ameuawa na marehemu aliyetoka bafuni.

Halafu wanatuambia kuwa huo ni uhalisia! Yule mama amekufa. Hajala, hajanywa, amesimama juani tangu maradhi yaanze, na nyama yake inaoza, lakini misuli yake haina mkazo hata kidogo; anaweza kugonga mlango wa mbao usiku kucha bila kusugua kiwiko. Mwenye misuli iliyooza hachoki, mwenye misuli hai anachoka! Na mhusika wangu huyu huyu mwenye mikono ya mayai anaruhusiwa kubeba jenereta nzima kwa mikono hiyo hiyo na kutembea nayo barabarani, ingawa kama si fundi umeme hawezi kuiunganisha na nyumba mpaka ajifunze kwanza, kwa mfano kwa kusoma jarida la maelekezo. Uhalisia wao una macho: humtazama mchezaji tu, wakati wa kumuumiza tu.

Joho la kuogea, ndugu zangu. La rangi ya waridi.

Tui la Nazi

Pole kwa msiba, mkuu. Naomba kuuliza kwa heshima zote: hilo joho lilikuwa limefungwa mkanda au lilikuwa wazi? Ninauliza kwa ajili ya uhalisia.

Sururu

Mimi ni mkulima, na kwa suala hili ninaomba nisikilizwe. Mvua za kwanza zikinyesha, mtu aliyekaa miezi kadhaa bila kushika jembe hulima kutwa nzima akiimba, hurudi nyumbani akila kwa mikono yake mwenyewe, na hulala vizuri. Maumivu yenyewe hayaji siku hiyo. Huja kesho yake, na hukomaa siku ya pili na ya tatu. Hata wataalamu wa michezo wanasema maumivu ya misuli iliyotumika kupita mazoea hufikia kilele kati ya saa 24 na 72. Kwa hiyo kama hawa jamaa walitaka uhalisia wa kweli, walipaswa kumwacha askari amalize zombi wote leo, ikiwa ni pamoja na huyo mama, kisha kesho asubuhi ashindwe kuchana nywele. Walichotengeneza ni mawazo ya mtu ambaye hajawahi kushika mpini wa kitu chochote kizito kuliko kipanya cha kompyuta.

Shoka la Babu

Mwenyezi Mungu akubariki, Sururu. Huyu ni mtu aliyesoma uzi. Tena shoka la kukatia miti lina uzito wa kilo mbili au tatu tu, na mtu wa zimamoto analipwa mshahara ili alizungushe.

Sharti ni Sharti

Nimesoma malalamiko haya kwa uvumilivu mkubwa. Mtoa mada anasahau kwamba mchezo wenyewe unamtangazia mchezaji, tangu skrini inapowaka, kuwa anachokwenda kukiona ni habari ya jinsi alivyokufa. Haumwahidi ushindi. Katika toleo lililotangulia, lililotulia mwishoni mwa mwaka 2021, mtu mwenye shoka na ua wa mbao alikuwa akifyeka nusu ya mji kwa alasiri moja, anarudi nyuma hatua mbili, anapiga, anarudi nyuma tena, mpaka hofu yote ikaisha na kazi ikabaki kuwa ya kufyeka majani. Mkazo wa misuli umeirudisha hofu. Sasa unalazimika kunyemelea, kuzunguka nyumba, kupima kama vita hiyo ina faida. Silaha nzito huchosha zaidi, nyepesi huchosha kidogo, na nguvu na ustadi vikipanda mkazo unashuka. Isitoshe, waliupunguza tangu masahihisho ya mwanzo baada ya watu kulia, na katika mipangilio ya dunia yako kuna sehemu ya kuupunguza hadi sifuri. Upunguze, ukalale.

Shoka la Babu

Kama huu ndio uliopunguzwa, basi ule wa mwanzo walikuwa wanamfunga mtu kamba kabla ya kumtoa nje.

Na hilo la mipangilio silikubali. Nikiuziwa chai iliyotiwa chumvi, hainisaidii mwenye mgahawa kuniambia kuwa kijiko cha kuichotea chumvi kipo mezani. Ninataka mchezo uliopikwa na mpishi. Hofu ninaipenda, ningeuawa na kundi la watu mia ningesimama na kupiga makofi. Lakini nimeuawa na mtu mmoja, mwenye ndara, aliyekuja kwa mwendo wa kwenda kuanua nguo.

Mama Chachandu

Wanajamvi, naomba mkumbuke kwamba mtoa mada huyu huyu ndiye aliyefungua uzi wa kulalamika kuwa mchezo umekuwa mwepesi mno, akaandika kwa mkono wake kwamba anaua zombi huku akinywa soda. Waliomsikia wamemletea dawa. Sasa dawa ni chungu.

Shoka la Babu

Uzi ule hauhusiani kabisa na joho la kuogea.

Tui la Nazi

Hajajibu kuhusu mkanda.

Kitasa Kibovu

Mimi ninamuunga mkono mtoa mada kwa sehemu, ila ninataka kuongeza la nguo. Katika toleo hili ukimvalisha mtu wako mavazi ya kujikinga, kuanzia kofia ngumu hadi viatu vizito, anapata kero ya mwili na kuanza kununa. Dunia imekwisha, jirani amemla mkewe, lakini yeye anakereka kwa sababu kola inambana. Yaani ukijikinga unakereka, usipojikinga unang'atwa. Waamue moja.

Risasi Baridi

Ninyi mnalilia mikono na kola wakati wenzenu tumedhalilishwa kwa bunduki. Mhusika wangu ni polisi, kwa hiyo mafunzo ya silaha anayo kwa mujibu wa karatasi zao wenyewe. Nilisimama karibu na zombi kiasi cha kuweza kumhesabia meno, nikatulia, nikalenga, nikafyatua. Risasi haikumgusa. Nikafyatua tena, nayo ikaenda kutalii. Kilichofanya kazi kwa ufanisi wa asilimia mia ni mlio, maana mtaa mzima uliusikia na kuitikia wito. Kama mlio ni wa kweli, kwa nini shabaha iwe ya kubahatisha?

Sharti ni Sharti

Ulikuwa na hofu, na hofu hupunguza shabaha. Ipo kwenye alama za upande wa kulia wa skrini.

Risasi Baridi

Nilikuwa na hofu kwa sababu risasi haziendi ninakolenga!

Mtungi wa Pwani

Wakuu, mngejua tunayopitia sisi wa ule mchezo mwingine, 7 Days to Die, ule ambao kila usiku wa saba anga hugeuka jekundu na maiti wote wa wilaya hukimbilia nyumbani kwako, mngefunga uzi huu kwa aibu. Mwaka 2023 waliondoa chupa tupu za kioo. Ziliondolewa duniani. Ulikuwa unaingia kwenye maduka, jikoni za watu, majalala, unapata chuma, matairi, karatasi, mifupa, lakini chupa tupu haikuwepo. Ulipokunywa maji uliyoyapata, chupa nayo iliyeyuka mkononi, tayari umeimeza. Hapo hakuna aliyekumbuka uhalisia. Mtoa mada amegusa jambo: uhalisia unaomwonea mchezaji hubaki, unaomsaidia hufutwa usiku.

Shoka la Babu

Hapo sasa! Mtungi ametoka mchezo mwingine kabisa na amenielewa kuliko walio ndani. Kwa hiyo tukirudi kwa yule mama

Jenereta ya Jirani

Ninyi mnacheza. Huko Kentucky yao umeme na maji hukatika ndani ya siku 30 za mwanzo, wakauita huo mwisho wa dunia. Nilipoona hivyo nilicheka mpaka umeme ukakatika nyumbani, na mhusika wangu akapotea kabla sijahifadhi. Hilo nalo lilikuwa halisi sana.

Mfugaji wa Mtandaoni

Samahani kwa kuingilia, lakini kwa kuwa tunazungumzia uhalisia, kuna mtu yeyote aliyefanikiwa kumsafirisha ng'ombe? Nimemkuta kwenye shamba moja nje ya mji, mzuri, mwekundu, nimempapasa kwa saa nyingi za mchezo mpaka kipimo chake cha kunizoea kikapanda. Kuku nilimbeba mkononi na kumtia garini bila matatizo. Ng'ombe hataki kabisa.

Sururu

Ng'ombe kwenye gari dogo? Hata kijijini kwetu tungekushangaa. Anahitaji trela ya mifugo, uifunge nyuma ya gari, umpandishe humo. Kwa hili ninawapongeza wale jamaa. Hapa walimuuliza mtu anayejua.

Kitasa Kibovu

Trela zenyewe ninaziona mashambani, karibu na ghala, ila gari dogo likivuta trela yenye ng'ombe kupanda kilima utazeeka njiani.

Shoka la Babu

Ndugu zangu, kwa unyenyekevu ninaomba turejee kwenye mada. Askari wa zimamoto. Mikono miwili. Joho.

Mama Chachandu

Subiri kidogo, mkuu, tumalize kwanza hili la ng'ombe. Mfugaji, majani ya kumlisha unapata wapi majira ya baridi? Mimi wangu walikufa wote Januari, na nilikuwa nimejenga zizi kwa mbao zangu mwenyewe.

Mfugaji wa Mtandaoni

Unafyeka nyasi mapema na kuzikausha, kisha unawawekea kwenye hori. Ukichelewa hadi theluji ianguke, umekwisha. Mimi tatizo langu sasa ni maziwa. Nimetafuta trela, nimemleta nyumbani, nimempa maji na chakula, nimemwekea ndoo, na hatoi hata tone. Huu nao ni mkazo wa misuli?

Sururu

Amezaa?

Mfugaji wa Mtandaoni

Hapana, yuko peke yake.

Sururu

Sasa ng'ombe asiyezaa atatoa maziwa kutoka wapi, ndani ya mchezo au nje yake?

Tui la Nazi

Watu wa mjini.

Risasi Baridi

Hii ni mara ya kwanza katika uzi huu mtu ameshindwa na uhalisia wenyewe.

Mfugaji wa Mtandaoni

Sawa, nimekubali. Basi dume anapatikana upande gani wa ramani, na je, anaingia kwenye trela hiyo hiyo pamoja na jike, au nifanye safari mbili?