Yule jamaa wa spika kanizimia Bugo CD ya pili ndo kwanza inaanza, safari hii simsamehi

Wakuu, salamu ndefu sina maana hapa mikono inatetemeka. Mnaokuja kwenye zile Jumapili zetu hapa Milano mnamjua ninayemsema, jina silitaji, ni yule yule mwenye spika, ambaye akishaiunganisha na simu yake basi hata ungekuwa unakata roho huruhusiwi kuchagua wimbo wa kukusindikiza.

Leo nimebembeleza mpaka nikapewa zamu. Nikaweka Bugo, yule mwimbaji wa Kiitaliano, ile albamu yake ya 2004 yenye CD mbili, Golia & Melchiorre. Golia ndo ya kwanza, magitaa ya umeme, vinanda vya kompyuta, jamaa anabwata anavyojua mwenyewe, na watu wakacheza bwana! Kuna mama alitoka jikoni na mwiko mkononi kuuliza huyu nani. Nikasubiri watu wale washibe ndo niwawekee Melchiorre, maana ile ni ya kukaa chini, gitaa kavu na sauti ya mtu anayeimba bila haraka, yaani ni albamu ambayo usiposikia upande wa pili hujaisikia.

Gitaa limeanza, Bugo kafungua mdomo, mtu kanyoosha mkono KAZIMA. Katikati ya mstari! Halafu kasimama mbele ya watu kapayuka "Dov'è Bugo? Bugo yuko wapi?" nyumba nzima ikaangua kicheko, mpaka vitoto ambavyo 2020 vilikuwa havijazaliwa.

Kwa wasiojua, huo ni utani wa Sanremo, lile tamasha kubwa la nyimbo la Italia. Februari 2020 Bugo alipanda jukwaani na mwimbaji mwenzake Morgan, ukafika usiku wa nne Morgan kabadilisha maneno ya wimbo wao wenyewe, kamchamba mwenzake laivu mbele ya Italia nzima, Bugo akageuka zake akaondoka, Morgan kabaki anauliza yuko wapi, wakaenguliwa wote wawili. Aliyetukanwa ndo amegeuzwa kichekesho mpaka leo!! Mtu kazaliwa hapo Rho, mji wa jirani tu, pua na mdomo na sisi, kaanza na lebo ndogo ndogo na rekodi za kienyeji, waandishi wakawa wanamwita Beck wa Italia, yaani wanamfananisha na yule mwanamuziki wa Marekani, mwenyewe anajiita fantautore, yaani mtunzi-mwimbaji wa mambo ya njozi, akaenda mpaka Universal, ile kampuni kubwa ya muziki, wakamtolea CD mbili kwa mpigo, moja ya fujo moja ya utulivu, we wasanii wangapi unawajua wamekubaliwa kitu kama hicho? Halafu wewe unampima kwa dakika moja ambayo wala kosa halikuwa lake.

Na angesubiri wimbo uishe ningeelewa. KAZIMA KATIKATI YA MSTARI.

bibi_wa_Lambrate: Nilikuwepo, kazima kweli, tena na lile cheko lake. Huyo mtu siku ya msiba atazima mpaka dua.

kaka_mkubwa_TZ: Umefungua uzi mzima kwa ajili ya Bugo? Samahani, Bugo yuko wapi? 😂😂

mleta uzi: Toka kwenye uzi wangu. Bugo alirudi Sanremo 2021 peke yake kaimba mpaka mwisho, ndo huko alipo. We ulirudi wapi?

Mzaramo_halisi: Mkuu tuseme ukweli, Golia ilikuwa moto, ile nyingine watu wameshiba biriani wanasinzia, ulitegemea nini. Ingetoka CD moja tu tungeelewana.

mleta uzi: Sasa utajuaje kama ni ya kusinzia wakati imezimwa kabla mstari haujaisha??? Hakuna aliyeisikia! Hakuna!

kaka_mkubwa_TZ: Hata yeye mwenyewe aliwahi kuhamia India miaka kadhaa. Huko nako wakamuuliza yuko wapi 😂

shangazi_T: Wewe umezimiwa Mwitaliano unalia, mimi kwenye harusi ya mdogo wangu alinizimia taarabu bi harusi ndo anaingia mlangoni, kaweka amapiano. Mama yangu mpaka leo hamsalimii. Nyie mnaongea CD mbili, mimi naongea heshima ya familia.

bibi_wa_Lambrate: Haa kumbe ni yeye?? Ile siku mi nilijua umeme umekatika.

Mombasa_raha: Huyo huyo mimi aliniambia taarabu ya kwetu ni ya wazee. Ya wazee! Mtu hajui hata kupiga makofi kwa mahadhi.

mleta uzi: Jamani naomba turudi kwenye mada. Mstari ulikuwa haujaisha.

Mzaramo_halisi: Ila swali, spika si ilinunuliwa kwa mchango? Mbona inalala kwake?

shangazi_T: EEEH! Umesema neno. Mimi nilichanga euro 20 na jina langu limo kwenye daftari.

Mombasa_raha: Mimi 30, na spika sijawahi hata kuigusa kitufe.

kaka_mkubwa_TZ: Aliniambia kanunua kwa hela yake, nikampongeza mpaka nikamnunulia soda.

bibi_wa_Lambrate: Mweka hazina upo humu nakuona kijani hapo, leta risiti.

mweka_hazina: Nyie mnaodai risiti, nusu yenu mliahidi tu. Shangazi hiyo 20 yako uliileta 10, nyingine ukasema mwisho wa mwezi.

shangazi_T: Mwongo mkubwa wewe, nilikupa mkononi pale nje ya stesheni na shemeji yupo anaona, nakuja kwako sasa hivi, usizime simu.