Endgame walizika mtu mmoja tu! Natasha na Wakanda wao wafukiwe kama mbwa?

Wakuu habari zenu. Najua muvi, Avengers: Endgame, ni ya 2019 na kuna watu watakuja hapa kuniambia nimechelewa, sijachelewa, hasira hii ninayo tangu usiku ule natoka ukumbini macho yamevimba, nilikuwa naimeza tu kwa sababu kila mtu alikuwa analia na kupiga makofi na mimi nililia pia sikatai. Ila juzi nimeirudia nyumbani, masaa matatu na dakika moja yote, na safari hii nimeshindwa kunyamaza.

Ilikuwa hivi. Shangazi yangu amekuja kutoka Bukoba kwa ajili ya kliniki yake ya presha, amekaa zake kwenye mkeka anachambua mchele, muvi haimhusu, anainua kichwa pale makelele yakizidi tu. Ikafika msiba wa Tony Stark, yule Iron Man. Wote wamejipanga pale nyumbani kwake kando ya ziwa, shada la maua linaelea juu ya maji na kile kidude chake cha kifuani katikati. Shangazi akaweka ungo chini akaangalia kamera inavyopita taratibu kwa mtu mmoja mmoja, mke, mtoto, marafiki, mpaka yule kijana wa Iron Man 3 ambaye mimi mwenyewe siku ya kwanza sikumtambua. Akaniuliza, "Na yule binti aliyeanguka kule mlimani, yeye wamemzika wapi?"

Nikamwambia hawajamzika. Akauliza mwili haukuonekana? Nikamwambia ndo hivyo, ulibaki huko huko. Akanikazia macho, "Sasa ndo wasikae msiba? Waliozama na meli ya MV Bukoba ambao hawakuonekana mpaka leo, misiba yao si tulikaa?" Akachukua ungo wake akaendelea na mchele.

Wakuu mimi sikuwa na jibu na mpaka leo sina, naomba mwenye jibu anipe.

Yule binti ni Natasha Romanoff, Black Widow, tumeanza nae Iron Man 2 mwaka 2010. Kwenye wale Avengers sita wa mwanzo mwanamke ni yeye peke yake. Yule adui Thanos alipopiga vidole vyake nusu ya viumbe wakapotea, ile miaka mitano Tony kaenda kulea mtoto, Thor kajifungia anakunywa bia, Clint kageuka muuaji anazunguka dunia na upanga, aliyebaki ofisini anapokea simu za watu ni nani? Ni yeye. Kuna kipande amekaa mezani peke yake, mkate umekatwa uko kwenye sahani, anaongea na wenzake kwenye hologramu anajikaza, wakikata tu anaanza kulia. Huyo ndo alikuwa anashikilia nyumba nzima. Halafu kule sayari ya Vormir akamnyang'anya Clint mkono akajiachia mwenyewe ili jiwe lipatikane, moja ya yale mawe ya nguvu ya kuwarudishia waliopotea, kwa sababu bila lile jiwe hakuna anayerudi, si Peter Parker, si T'Challa mfalme wa Wakanda, hakuna.

Malipo yake? Wanaume watano wamesimama kwenye gati dakika chache, Tony anauliza kama alikuwa na ndugu, ndo anauliza leo!! miaka yote hiyo wanakula nae, Bruce anarusha benchi ziwani, basi twendeni tukatengeneze glavu ya kuwekea yale mawe. Na kwenye msiba wa Tony, Clint na Wanda wanasogea pembeni wanamtaja kwa sentensi mbili, tena humo humo kwenye sentensi mbili na Vision, mpenzi wa Wanda, nae amebanwa, maana na yeye hakuzikwa.

Waandishi wa ile muvi, Christopher Markus na Stephen McFeely, waliulizwa hili swali. Wakajitetea kwamba Tony ni mtu mkubwa anayejulikana na dunia nzima na Natasha siku zote aliishi kama mtu wa siri. Sasa nambieni, ule msiba ulikuwa wa uwanja wa taifa? Kulikuwa na wananchi? Kulikuwa na waandishi wa habari? Ulikuwa msiba wa nyumbani kabisa, uani, watu waliomjua kwa sura na jina. Kama ni msiba wa wanaokujua basi Natasha ndo alikuwa na haki nao kuliko yeyote maana wote waliosimama pale wanamjua. Mngemwekea picha tu pembeni. Shada la pili kwenye maji. Hivi shada la pili lingewagharimu nini watu mlioingiza zaidi ya dola bilioni 2.7?

Na msije na ile hoja ya kwamba alipewa muvi yake, Black Widow. Alipewa 2021, amekufa miaka miwili nyuma, muvi yenyewe ilitakiwa itoke 2020 ikasogezwa kwa korona. Kaburi lake tumeonyeshwa mwisho kabisa baada ya majina, watu wengi ukumbini washainuka, mdogo wake Yelena kasimama peke yake anapiga mluzi ule waliokuwa wanapigiana utotoni, na mimi nikasema hatimaye. Sekunde hazijapita anatokea yule mama Valentina anapenga kamasi na kumwonyesha picha ya Clint akamuue. Yaani kaburini! Mtu anamlilia dada yake, nyie mnatangaza sizoni inayofuata. Kaburi la Tony hamkulitumia kama bango la biashara, la Natasha ndo mkaliweka bango.

Haya tuje Wakanda, ile nchi ya Afrika ya kwenye muvi, maana hapa ndo damu inanichemka.

Kwetu tunasema mgeni njoo mwenyeji apone. Infinity War, muvi iliyotangulia Endgame, mgeni alikuja mwenyeji akafa. Vita haikuwa ya Wakanda. Ni Vision na jiwe lake kichwani, kiumbe kilichotoka kwenye maabara ya Tony, wakakosa pa kumpeleka wakamleta kwa T'Challa ili Shuri mdogo wake amtoe lile jiwe. T'Challa hakuuliza mara mbili. Nchi iliyojificha miaka na miaka, ndo kwanza imefungua milango, jenerali wake Okoye mwenyewe alisema alidhani kufungua nchi kutaleta mambo kama Olimpiki, kumbe ni ile vita. Na wale majoka ya Thanos yalipoanza kuzunguka nyuma ya ile ngao inayoizunguka nchi, mfalme akaagiza ngao ifunguliwe kwa makusudi ili waje mbele, wapambane na watu wake, wasimfikie mgeni ndani. Waliokufa pale uwanjani ni vijana wa Wakanda. Wenye majina, wenye mama zao.

Endgame hawapo. Wakanda yenyewe tumeonyeshwa sekunde chache tu mwishoni, T'Challa kasimama na mama yake na Shuri, basi. Scott Lang anatoka kwenye ile dunia yake ya udogo anafika San Francisco anakuta mawe yamejaa bustani nzima, majina ya waliopotea yameandikwa moja moja, anatafuta jina la mwanae anakuta la kwake. Kipande kizuri sana kile, kiliniuma. Lakini San Francisco ndo ilipigwa vita? Vidole vilipigwa Wakanda! Mfalme alipotea kwenye udongo wa kwao, kamshika mkono Okoye anamwinua, anamwambia inuka hapa si pa kufia, na huku yeye ndo anageuka vumbi, Okoye anaanguka mkono hauna kitu. Huo mkono wa Okoye mimi nimeukumbuka mwaka mzima nasubiri Endgame ije iniambie yule mwanamke alifanyaje kesho yake asubuhi. Nani alikaa kwenye kiti? Shuri nae kapotea, nani aliwaambia wazee? Okoye wamempa hologramu moja, anaongelea tetemeko chini ya bahari, basi. Na mnakumbuka bango la Endgame, Danai Gurira aliyeigiza Okoye sura yake ipo ila jina lake juu halipo, wenzake wote yapo, mpaka watu walipopiga kelele ndo wakabadilisha. Mpaka kelele! Dada yetu Lupita ndo kabisa, Nakia wake, mpenzi wa T'Challa, hayupo Infinity War na hayupo Endgame, mpaka 2022 ndo tunaambiwa alikuwa Haiti.

Najua mtaniambia kipande cha milango. Ndio, Captain America amebaki peke yake, ngao imevunjika nusu, anakaza mkanda, mlango wa kwanza unafunguka na anayetoka wa kwanza ni T'Challa na Okoye na Shuri. Ukumbi ulilipuka, nilisimama kwenye kiti. Nasimama hata leo. Ila baada ya hapo wamepewa nini zaidi ya kukimbia na ile glavu? Wamefanywa tarumbeta, wapigwe watu wasisimke kisha wawekwe pembeni.

Sasa sikilizeni hili maana watu wengi hawajaliunganisha. Kwenye msiba wa Tony, T'Challa yupo. Okoye yupo. Shuri yupo. Nchi iliyozika watu wake bila Avenger yeyote kuonekana, imetoa mfalme wake imepanda ndege kwenda kumzika Tony. Huo ndo utu. Kwetu msiba ni kuhudhuriana, kuna daftari la rambirambi, jina lako linaandikwa na ulichotoa kinaandikwa, na siku yako ikifika watu wanafungua daftari.

Chadwick Boseman aliyeigiza T'Challa akafariki Agosti 28, 2020, Mungu ampumzishe, na Novemba 2022 ikaja Wakanda Forever inaanza na msiba wa T'Challa. Wote nyeupe, ngoma, jeneza linabebwa, mama yake anatembea mbele. Hapo walizika, sina neno, muongozaji Ryan Coogler na wenzake walikuwa wanamlilia mtu wao kweli na inaonekana kwenye kila sura. Lakini katika watu wote waliosimama kando ya lile ziwa la Tony, nionyesheni mmoja aliyekuja Wakanda. Thor hayupo. Banner hayupo. Sam, aliyepewa ngao ya Captain na kwenye sizoni yake 2021 akapelekewa mabawa mapya kutoka Wakanda, hayupo. Clint hayupo.

Na Bucky, rafiki wa Captain! Bucky mimi siwezi kumsamehe. Huyu mtu alipelekwa Wakanda kichwa kimeharibika, Shuri akamsafisha akili, askari wao Ayo akakaa nae usiku kwenye moto mpaka akaamini kwamba yuko huru, wakampa nyumba, wakampa mkono, wakampa jina, watoto wa pale walikuwa wanamwita Mbwa Mwitu Mweupe. Na kabla ya yote alisingiziwa kumuua baba yake T'Challa na T'Challa ndo aliyemhifadhi! Mtu kama huyo akifa hukosi kwenye mazishi yake, hata kama huna nauli unaazima. Mnaosema ilikuwa ratiba za waigizaji, sawa, sentensi moja tu ingetosha, Shuri apokee barua, mama yake Ramonda aseme Bucky amepiga simu, hata kwenye muvi nyingine huko mbele mtu amtaje.

Halafu yule mmoja waliyemzika vizuri, kwa heshima zote, Julai 2024 San Diego Robert Downey Jr aliyeigiza Tony kapanda jukwaani na joho la kijani na barakoa, akaivua, ukumbi ukapiga kelele, anarudi kama adui Doctor Doom kwenye Avengers: Doomsday. Ndio najua Doom si Tony, ni mtu mwingine, nimesoma, msinifundishe. Ila sura ni ile ile tuliyoililia. Tulizoea steringi hafi, Endgame ikatuambia safari hii steringi amekufa na amekufa kweli, na ndo kitu pekee ambacho mimi niliwapa heshima. Kaburi moja tu walilichimba vizuri na hilo nalo wamelifukua. Machi 2025 wakatuonyesha viti vyenye majina ya waigizaji wa Doomsday zaidi ya masaa matano, majina 27, nimekaa naangalia kiti kimoja kimoja, Letitia Wright wa Shuri yupo, Winston Duke yupo, Danai hayupo, Lupita hayupo, kiti cha mwisho Downey anakuja kukikalia mwenyewe.

Na wewe unayeandaa komenti ya "ni muvi tu mkuu", mlinichukua miaka 11 na muvi 22, mkaniomba nilie nikalia. Mkiomba machozi ya watu mjue na kufiwa.

Doomsday imepangwa Desemba 18, 2026. Sebastian Stan, yule Bucky, kiti chake kilikuwepo, Letitia kiti chake kilikuwepo, kwaiyo sababu ya ratiba hamna tena. Nataka Bucky aende kwa Shuri akae chini ampe pole ya kaka yake, kabla hajarusha ngumi hata moja. Na kama kuna mtu anajua sehemu yoyote, muvi au sizoni, ambapo Avenger yeyote ametaja kifo cha T'Challa kwa mdomo wake, aiweke hapa na dakika yake, naiangalia leo leo.