Kichaka cha Cytisus kufa kila majira ya baridi Minneapolis

Swali

Naomba ushauri wenu, ndugu zangu. Mara mbili nimepanda hapa Minneapolis, kaskazini mwa Marekani, Cytisus scoparius, kile kichaka cha fito nyembamba za kijani na maua ya manjano ambacho watu wa Ulaya walikifungia mafagio, na mara zote mbili kimekauka kabla ya masika. Cha pili nilikihamisha mwezi wa Oktoba na kukiwekea samadi nyingi, nikidhani nakitia nguvu. Je, nimekosea wapi?

Jibu la 1 (Chicago)

Pole sana. Samadi na kuhamisha vimechangia, kwa kuwa mmea huu ni wa jamii ya kunde, hujitengenezea naitrojeni mizizini, hupenda udongo wa kichanga usio na rutuba, na mizizi yake ikishaguswa ni nadra upone. Hata hivyo, kosa kubwa ni uchaguzi. Cytisus scoparius hupangwa katika kanda ya 5 au ya 6 ya ramani ya Wizara ya Kilimo ya Marekani, inayogawa maeneo kwa ukali wa baridi (namba ikipungua, baridi huzidi), tena huchanua kwenye matawi ya mwaka uliopita, hivyo hata shina likinusurika, baridi ikishaunguza matawi hayo huoni ua.

Mimi ningepanda Genista tinctoria, kichaka kingine cha maua ya manjano, inayovumilia kanda ya 4, yaani baridi ya hadi nyuzi 34 za Selsiasi chini ya sifuri. Hii huchanua kwenye machipukizi mapya, kwa hiyo ncha zikifa unazipogoa mwanzoni mwa masika na maua unayapata wakati wa kiangazi. Zamani ilitia nguo rangi ya manjano, nazo zikichovywa tena kwenye buluu zikawa za kijani. Panda mche mdogo wa koponi, juani, mahali ambapo maji ya theluji hayatuami.

Jibu la 2 (Seattle)

Nakubaliana naye, nami naongeza kwamba huku kwetu Cytisus scoparius ni gugu hatari lililoorodheshwa na jimbo. Mwaka 1850 Kapteni Walter Grant alipanda mbegu zake Sooke, katika Kisiwa cha Vancouver, kwa jirani zetu wa Kanada, na leo kichaka hiki kimejaa kandokando ya barabara, kwa sababu maganda yakikauka hupasuka na kurusha mbegu zinazoweza kukaa ardhini miaka mingi bila kuoza. Hata hiyo Genista, angalia kwanza orodha ya magugu ya jimbo lako, na watoto wasitafune maganda wala mbegu, maana zina sumu.

Muulizaji

Ahsanteni sana. Nimepata mbegu za Genista tinctoria, si miche. Je, zitaota?

Jibu la 1 (Chicago)

Zitaota, ila ganda lake ni gumu. Zikwaruze kidogo kwa msasa, uziloweke usiku kucha katika maji ya moto yaliyoepuliwa jikoni, kisha panda kila moja katika kopo lake ili usilazimike kuigusa mizizi baadaye.